Kona ya Kushoto Inamsumbua Mama Pindo

Mtaa mzima ulijua kwamba gari la Fundi Barafu lina madereva wawili kwa wakati mmoja, na kwamba mmoja wao hana leseni.

Si utani! Fundi Barafu, ambaye kazi yake ni kutengeneza mafriji, alishika usukani na kukanyaga pedali zote tatu. Gia haikuwa yake. Gia ilikuwa ya mkewe, Mama Pindo, fundi cherehani, huyo huyo ambaye ukimpelekea suruali ya kupunguza anakupunguzia na kukuongezea maneno juu yake. Alikaa kushoto, mkono wa kulia juu ya kirungu cha gia, na mumewe akishakanyaga klachi tu, yeye keshasukuma. Hakuna aliyesema "mbili", hakuna aliyesema "tatu". Wangeweza kuwa wanagombana kuhusu bati linalovuja, maneno yanaruka kama mafuta kwenye kikaango, na huku chini gia zinaingia taratibu kama uzi kwenye tundu la sindano.

Mambo yalianza enzi za uchumba. Fundi Barafu alikuwa kijana kifua mbele, akajitia kubeba friji peke yake kwenye ngazi ili binti wa ghorofa ya pili amwone. Binti akamwona, tena vizuri sana: friji huku, kijana kule, kifundo cha mkono wa kushoto chali. Akapigwa plasta hadi kiwiko. Sasa gari ataendeshaje, na wateja wanapiga simu nyama zinaoza? Yule binti, ambaye ndiye huyu Mama Pindo, akapanda kushoto bila kuombwa.

"Wewe kanyaga," akasema, "mimi nitabadili."

Plasta ilipotolewa, kijana alivichezesha vidole vyake, akavitazama, kisha akaviweka kwenye usukani. Gia hakuidai. Na binti hakuirudisha. Wengine huvishana pete. Hawa walikuwa na kirungu cheusi kilichochakaa mpaka namba zake zikafutika.

Watoto wakakulia kiti cha nyuma wakidhani ndivyo magari yote yanavyoendeshwa. Binti yao alipopewa lifti siku moja na wazazi wa rafiki yake, akamwona baba mtu anabadili gia mwenyewe, alirudi nyumbani machozi yanamtoka: "Yule baba kamnunia mkewe! Hampi hata gia!"

Basi, goti likaja kuharibu shughuli. Goti la kushoto, lile la klachi. Lilianza kwa kulia kidogo kidogo, baadaye likavimba, mwishowe Fundi akawa anashuka garini kama mtu anayeshuka kitanda cha wagonjwa. Daktari akalibonyeza, akalikunja, akasema: "Mzee, klachi basi."

Yule binti yao, sasa yuko chuo, ndiye aliyeshangilia. "Baba, otomatiki! Unaweka D, unakanyaga mafuta, linakwenda. Goti linakaa zake limepumzika kama bwana harusi. Dunia nzima ndiko iliko!" Na mtoto alisema kweli, hakuna wa kumlaumu. Likaja gari jeupe, zuri, halina makelele. Lile la zamani likachukuliwa na chuo cha udereva cha mtaa wa pili.

Siku ya kwanza kwenye gari jipya, Mama Pindo alipanda kushoto kama kawaida, akafunga mkanda, akatulia. Mkono wa kulia ndio haukutulia. Aliuweka pajani, ukateleza. Akaushikisha mkoba, akaukunja, akautoa dirishani mpaka akaona haya, maana dirisha liko upande wa pili. Mkono mzima ukawa kama mgeni aliyefika chakula kimekwisha.

"Unatafuta nini?" Fundi akauliza.

"Hamna."

Wakaenda kimya. Gari nalo kimya. Mtu alisikia hadi saa ya mkononi.

Siku chache baadaye ndipo ilipotokea ile ajali isiyokuwa ajali. Walikuwa wanapanda kile kilima cha kwenye tangi la maji, wanaongea habari za mpangaji wao, na kwa mara ya kwanza tangu gari lije walikuwa wanacheka. Injini ikapandisha sauti. Sasa mkono wa Mama Pindo haukuuliza mtu. Ulisikia sauti ile miaka nenda rudi, na sauti ile jina lake ni tatu. Ukaruka, ukashika, ukasukuma mbele, pa!

Kumbe pale mbele hakuna tatu. Kuna fri. Injini ikalia vuuuu, magurudumu hayana habari, gari likaanza kurudi nyuma, na nyuma yao lori la matofali linapiga honi kama limeona mwizi.

"Toa mkono, Mama Pindo! Utatuua!"

Akautoa. Fundi akakanyaga breki, akarudisha D, wakapanda salama. Ilikuwa hofu tu, na alipofika juu aliomba radhi, akaomba tena getini, akaomba na wakati wa chai. Mama Pindo alisema yamekwisha. Lakini kesho yake alipanda kiti cha nyuma.

"Huku kuna nafasi ya vitambaa," akasema.

Fundi akamtazama kwenye kioo. "Haya bosi, nikupeleke wapi?"

Hakucheka. Na yule mwanamke hucheka hata akichomwa sindano, muulize nesi.

Ikawa hivyo. Mmoja mbele, mmoja nyuma, kama teksi. Goti likapona vizuri, na nyumba ikawa na amani hata ya kuchosha, hakuna wa kugombania bati. Mama Pindo alijisuta mwenyewe kwenye cherehani: mwanamke mzima, mume mzima, gari zima, unalia nini? Unalilia kirungu? Akashona. Mkono wa kulia ukizungusha gurudumu la cherehani, unakwenda mbele kidogo, unarudi, unakwenda, na macho yake hayapo kwenye kitambaa.

Tena afadhali lile gari lingeuzwa mbali! Lilikuwa linapita pale pale nje kila jioni, limebandikwa L mbele na nyuma, limepakwa milia ya njano ubavuni, na ndani mwanafunzi kashika usukani kama anakaba mtu. Wao wanakunywa chai barazani, mara: Krrrrr!

Wote wawili wanakunja uso kwa pamoja.

"Wanalitafuna," anasema Fundi.

"Tatu hiyo."

"Mbili. Kasahau klachi."

"Mbili," anakubali Mama Pindo.

Na hapo ndipo maongezi ya siku yanapoishia. Kila mmoja anatazama kikombe chake.

Jioni moja gari lilizima mbele ya geti lao kabisa. Mwanafunzi analiwasha, linaruka kama chura, linazima. Fundi Barafu aliinuka kwenye kiti, na Mama Pindo akaona mguu wa kushoto wa mumewe, ule mbovu, unakanyaga sakafu. Polepole. Unakandamiza, unaachia, unakandamiza. Hata yeye mwenyewe mwenye mguu hakujua.

Kesho yake Mama Pindo alisema anakwenda kumpima mteja. Akaenda chuo cha udereva.

Mwalimu wa pale ni mwanamke mfupi mwenye sauti ndefu, wanafunzi humwita Dada Breki, kwa sababu upande wake wa kushoto amewekewa breki ya ziada na anaikanyaga hata wakati hakuna kitu. Akamweka Mama Pindo nyuma ya usukani, kwa mara ya kwanza maishani mwake, kwenye uwanja wa mazoezi wenye mapipa.

"Haya mama yangu, klachi."

Klachi haikumpa taabu. Mguu uliokanyaga cherehani miaka yote unajua kuachia kidogo kidogo.

"Gia ya kwanza."

Mama Pindo akapitisha mkono wa kulia mbele ya tumbo lake, chini ya usukani, akaikamata gia upande wa kushoto.

Dada Breki akatoa macho. "Mama, huo mkono unatoka wapi?"

"Ndio unaojua."

"Na wa kushoto una nini?"

"Haujasoma."

"Basi nao uanze shule leo! Ukikata kona hivyo utajifunga fundo!"

Ikawa kazi. Mkono wa kushoto ulikuwa mjinga, tena mbishi, unatafuta mbili unapata nne. Kirungu ni kile kile, kimechakaa pale pale pa kiganja chake, lakini kutokea upande huu kila kitu kiligeuka, kama kuvaa nguo ndani nje. Aliporudi nyumbani Fundi alimuuliza huyo mteja ana mwili gani asiyemaliza kupimwa.

"Mnene," akasema Mama Pindo.

Mpaka mkono wa kushoto ukaelimika. Ndipo Mama Pindo akamwomba Dada Breki jambo.

"Abiria? Uwanjani kwangu? Ana leseni?"

"Anayo tangu hujazaliwa."

Jumamosi asubuhi akamwambia mumewe, "Nisindikize mahali." Fundi akadhani ni dukani. Walipoingia uwanjani akaliona gari lake katikati ya mapipa, akaenda mpaka ubavuni, akapitisha kidole kwenye milia ya njano. "Wamekufanya punda milia, mwanangu." Halafu miguu yake yenyewe ikampeleka mlango wa dereva.

Mama Pindo alikuwa ameshaushika mlango ule.

"Zunguka," akamwambia.

Fundi akamtazama. Akazunguka, anachechemea, akapanda kushoto. Dada Breki akakaa nyuma amejishika kichwa. "Mzee, hiyo breki hapo miguuni ni yangu. Usiiguse bila ajali."

Mama Pindo akawasha. Akakanyaga klachi mpaka chini, akashika usukani kwa mikono yote miwili, akatulia. Gari likanguruma pale pale.

"Mbona huendi?" Fundi akauliza.

"Sina mkono wa gia."

"Unayo mikono miwili."

"Yote ya usukani." Hakumtazama, macho mbele kwenye mapipa, sauti imepungua. "Ulipokosa mkono nilikupa wangu. Sasa umekosa mguu. Nimekuletea na mguu, Fundi. Mimi nitakanyaga."

Fundi aliutazama mkono wake wa kulia kama ameuokota. Mkono ule maisha yake yote ulikuwa wa usukani. Gia haujawahi kuigusa. Akauweka juu ya kirungu. Akasukuma moja. Ikaingia. Wakaondoka.

Injini ikapandisha sauti, mke akakanyaga, mume akavuta.

KRRRRR!

"Wanalitafuna!" Mama Pindo akapiga kelele.

Fundi Barafu akacheka mpaka akajifuta macho, na kwa muda akaendelea kujifuta hata baada ya kicheko kuisha. "Huu wangu haujasoma," akasema. "Rudia."

Wakarudia. Pipa la kwanza, pipa la pili, kona ya kulia, kona ya kushoto. Mzunguko wa tatu gia iliingia bila sauti, na hakuna aliyesema namba. Mzunguko wa nne Fundi akasema, "Lile bati, nilikwambia tuite fundi wa paa."

"Uliniambia lini? Wewe uliambia ukuta!"

"Ukuta angalau unasikia!"

"Basi uoe ukuta, ukupikie chai!"

Na chini huko, mguu unashuka, mkono unakwenda, mguu unapanda. Dada Breki nyuma aliacha kushika kichwa. Akashika kidevu.

Muda ukaisha. Gari likasimama mbele ya ofisi, wanafunzi wengine wanasubiri na vitabu vyao. Dada Breki akafungua mlango, akainama dirishani.

"Mama yangu, wewe umeiva. Mkono wa kushoto unaujua, wa kulia unaujua, hata wa mumeo unaujua! Sina la kukufundisha. Wiki ijayo nakupeleka mtihani, unachukua leseni, unakwenda kuendesha jeupe lenu."

Injini ilikuwa bado inanguruma. Mama Pindo alikitazama kile kirungu, na vidole vya mumewe vilivyokizunguka, havina haraka ya kutoka. Akimaliza mtihani, gari hili ni la hao wenye vitabu.

"Bado," akasema. "Kona ya kushoto inanisumbua."

"Ipi? Hiyo uliyoipita sasa hivi kama maji?"

"Hiyo hiyo."

Dada Breki akamgeukia Fundi, akitafuta mtu mwenye akili. Fundi Barafu akatikisa kichwa kwa masikitiko makubwa.

"Inamsumbua sana, mwalimu. Hata mimi nimeiona. Hiyo itachukua muda."

Dada Breki akamtazama huyu, akamtazama yule. Akavuta pumzi, akawageukia wanafunzi. "Nyie kaeni kwanza. Kuna kona hapa."

Mama Pindo alikuwa bado hajakanyaga klachi hadi chini, na mkono wa Fundi tayari unakwenda kwenye moja.