Mji Nilioutoa kwa Kitendawili

Jua la mchana limenilemea, na alasiri hii tuna mkutano, ndipo tutakapopiga kura jengo letu libomolewe au lihifadhiwe, nami najinyoosha kidogo tu kwenye kochi, nafumba macho, na chumba changu kinaanza kwenda. Kinachomoka kwenye ghorofa kama droo ya kabati, kinapita hewani, na vyumba vya wenzangu navyo vinapita, Bi Zuwena, jirani yangu wa juu, ananipungia mwiko kutoka jikoni kwake na mchuzi haumwagiki. Mashaallah! Nilidhani naujua uzuri wa nyumba hizi, kuta za zege zilizomiminwa kiwandani zikaja kupangwa hapa moja juu ya nyingine, hata mama yangu, siku tulipohamia, akafungua bomba ndani kwake na kucheka peke yake, kumbe sijui kitu. Vyumba vinatua, vinakuwa mtaa, vinainuka tena, vinakuwa mji, na barabara haina mwisho, kila nikidhani nimefika nakuta jengo jingine kama letu, na jingine, na katika kila dirisha najiona mwenyewe nikichungulia.

Mtu asiye na uso anatembea nami, mahali pa macho pana lipu tupu. Namwuliza, bwana, watalibomoa? Anajibu, kitendawili. Nasema, tega. Anatega, nikiwa hai naitwa uchafu, nikifa naitwa urithi. Nafikiri weee, mimi niliyekuwa bingwa wa vitendawili mtaa mzima, jibu halinijii. Basi nipe mji, anasema, kama ilivyo ada kwa aliyeshindwa. Mji mkongwe wenye milango ya nakshi siwezi kuutoa, una wenyewe. Huu wetu ndio siwezi kabisa, naupenda mno. Nampa ule wa vioo tunaoahidiwa mahali pa nyumba zetu, ambao bado haujajengwa, na najiona mjanja. Anacheka bila mdomo. Nilikwenda mji wako, anasema, nikakirimiwa, nikanywa kahawa, lakini kila niliyemkuta aliniuliza, hapa zamani palikuwa na nini? Jibu ni nyumba zenu. Nampigia kelele, mji wenyewe haupo, umefikaje? Ananiambia, kama haupo, umenipaje? Nalia, nalia kwa uchungu, namwomba anirudishie.

Raya! We Raya! Ni Bi Zuwena, anagonga mlango. Amka mwanangu, kura inapigwa, utalala mpaka watuamulie wengine? Naitika, nakuja. Mapazia yamefungwa, sioni vizuri, napapasa ukuta nijue kama ni zege au kioo. Ni wa baridi tu. Nashika pazia, na sithubutu kulifungua.