Binti Aliyeruka Ukunguni

Hanna Sumari alijifunza kazi yake akiwapiga picha wapanda Mlima Meru. Mwaka huu gazeti lake lilimpeleka Italia, kwenye Olimpiki ya majira ya baridi.

Siku ya kuruka kwa skii, zile mbao ndefu za kutelezea, ukungu ulifunika mlima na mashindano yakasimama. Wapiga picha wengi waliteremka hemani kunywa kahawa. Hanna alibaki amelala kifudifudi kwenye theluji, betri za akiba amezificha kwapani zisiharibiwe na baridi. Ghafla ukungu ukapasuka na waamuzi wakaruhusu mrukaji mmoja. Binti wa Kijapani akatokea angani, ameinama mbele, mikono imetulia ubavuni. Hanna akabonyeza. Ukungu ukafunga tena.

Picha ilitoka ukurasa wa mbele. Aliporudi kijijini kwao Kikwe, alimpa mama yake gazeti, akamsimulia alivyolala thelujini kuipata picha ile. Mama aliitazama kwa muda mrefu.

“Huyu binti haogopi?”

“Nilimuuliza, mama. Anaogopa kila mara, ila anaruka.”

“Na wewe ukalala kwenye theluji ile?”

“Nililala.”

Mama akacheka kwa furaha, akatoka kuwaita majirani waje wawaone mabinti hao wawili.