Vigelegele Vinne

Hakuwa na mpiga ngoma. Hakuwa na mpiga besi, wala mtu wa kushika upande wa pili wa spika inaposhushwa garini. Hakuwa na wa kumkonyeza wimbo unapokolea. Hakuwa na mke nyumbani. Vumbi la Ruiri lilitua jekundu juu ya laptopu yake, naye Gikunda hakuwa na wa kumwambia, futa.

Alikuwa na mwanga tu: mwanga wa buluu wa kioo, na kibao cha vibonye vilivyowaka kama macho ya paka.

Katika kila kibonye aliishi mtu. Hiki ngoma za Kivuti, ambaye siku hizi anauza mbao Embu. Hiki besi ya Njoka, ambaye udongo umemfunika. Na kile cha mwisho, cha pembeni, Kanini mkewe: wimbo wake, pumzi yake, vigelegele vyake.

Kibonye chenyewe hakina sauti. Hubeba amri tu: piga hiki, piga kwa nguvu, nyamaza. Laptopu husikia na kutii. Haichelewi mazoezi, haichoki, haiulizi. Piga, rafiki usiye na pumzi. Piga.

Kanini aliuliza. Aliuliza kwa nini hashauriwi nyimbo, kwa nini koo lake halipewi nafasi ya kupona. Gikunda, macho kwenye kioo, akamjibu, "Ukichoka, pumzika. Sauti yako ninayo humu."

Kanini akakunja nguo zake taratibu. "Basi ishi nayo," akasema. Akateremka mpaka Kiambere kwa dada yake, kwenye joto na maji ya bwawa, na tangu siku hiyo simu ya Gikunda hulia huko bila kupokewa.

Naye akaishi nayo. Aliila sauti ile asubuhi kama chai bila maziwa. Aliibeba harusini na kwenye harambee, watu wakacheza, wakamsifu kwamba mtu mmoja amelijaza hema kama bendi nzima. Bendi nzima! Na akimaliza, alichomoa waya mmoja tu, bendi nzima ikafa mkononi mwake.

Siku hiyo huko Ruiri alialikwa kumkaribisha mtoto duniani. Mjukuu wa Mama Kaari, msichana, mdogo kama kiazi kitamu ndani ya shuka. Mtoto akatolewa mlangoni, jua likamgusa paji la uso, na watu wakamgeukia mwanamuziki.

Akabonyeza kile cha pembeni.

Kanini akapaa juu ya mahema. Mara moja. Mara ya pili. Mara ya tatu, na wazee wakatikisa vichwa kwa furaha. Kisha mara ya nne, maana muziki wa mashine huhesabu kwa nne, na Gikunda alikuwa amezoea harusi, ambako hakuna anayehesabu.

Vichwa vya wazee vikaacha kutikisika.

"Wewe mzee wa kompyuta," Mama Kaari akasema, "vitatu ni msichana. Vitano ni mvulana. Vinne ni nani?"

"Ni wa laptopu huyo," mtu akajibu kutoka nyuma, na mahema yakaangua kicheko. Gikunda naye alicheka kidogo, cheko la mtu aliyekanyagwa.

Lakini bibi yule hakucheka. Alikisogelea kile kibao chenye taa, akakitazama kama mtu anayechungulia kisima.

"Huyu mama aliyepiga vigelegele, yuko hai?"

"Yuko hai."

"Basi mbona unamleta kama marehemu?"

Hakungoja jibu. Aliwageukia wanawake, nao wakaanza upya kwa makoo yao, makoo ya moshi na ya shamba, yasiyolingana, yanayokwaruza. Vitatu. Mtoto akalia. Gikunda alisimama nyuma ya mashine zake, mikono ikining'inia, na hakuna aliyemhitaji.

Asubuhi iliyofuata aliandika kwa kalamu, kwa mwandiko wake wa shule ya watu wazima, akichana karatasi moja baada ya nyingine, maana fahari ya mwanamume ni ndefu na karatasi ni fupi. Iliyobaki ilisema:

"Kanini, nilisema sauti yako ninayo. Sina. Nimekifuta kile kibonye. Sikuiti uje kuimba. Nauliza kama naweza kuja huko kukaa na wewe, hata kama hutaimba tena."

Akaipaka bahasha uji wa unga uliopoa, akaibana kwa kidole gumba mpaka ikashika. Akaipeleka sokoni Gakoromone kwa Rahema, ambaye hununua ndengu Kiambere kila wiki na anajua nyumba ya dada yake Kanini. Rahema akaipima mkononi.

"Ni nyepesi, mzee."

"Peleka hivyo hivyo."

Rahema akaitia kifuani, ndani ya leso, akapanda gari la Kiambere, nalo likaondoka.