Mhojiwa Namba Kumi na Nne

Kufikia saa moja na nusu asubuhi, Ruthu alikuwa ameshaisogeza meza ya chumba kidogo cha mikutano mara tatu. Kwanza mwanga wa dirishani ulipiga kwenye kioo cha laptopu. Kisha ikaonekana kalenda ya ukutani nyuma ya kiti cha bosi, nayo ilikuwa ya mwaka juzi. Mwishowe alipata pembe nzuri: kiti, bendera ndogo ya mezani na ukuta mtupu. Nyuma ya laptopu, mahali ambapo kamera haifiki, akaweka stuli yake, karatasi za manila zilizokatwa nusunusu na maka peni mbili nyeusi.

Kazi yake siku hiyo ilikuwa kukaa hapo na kuandika majibu.

Ukistaajabu ya Musa utayaona ya Firauni. Bwana Cornel, mkuu wa sehemu ya ugavi katika ofisi moja ya umma pale Mtumba, Dodoma, alikuwa anasoma shahada ya uzamili ya biashara katika chuo cha nje, kwa njia ya mtandao. Saa tatu asubuhi hiyo angetetea tasnifu yake mbele ya watahini. Tasnifu yenyewe aliiandika Ruthu, afisa wake, kuanzia jalada hadi marejeo.

Haikuanza hivyo. Miaka miwili nyuma bosi alimwomba amchapie kazi ya kwanza, kwa kuwa vidole vyake ni vizito. Ya pili akamwomba amnyooshee Kiingereza. Ya tatu alimpa swali tu, na ya nne akampa nywila. Tangu hapo Ruthu akawa anarudi chumbani kwake Nkuhungu na kuwasikiliza wahadhiri huku maharage yakichemka. Alipopata themanini na mbili kwenye usimamizi wa fedha alicheka peke yake, kisha akaogopa jinsi alivyofurahi. Alifaulu masomo yote kumi na mawili, na yote kwa jina la mtu mwingine. Bosi alikuwa amemwahidi kwamba akimaliza yeye, anayefuata ni Ruthu, na kibali atamsainia kwa mkono wake mwenyewe.

Kama shahada ile ya bei nafuu ina maana au haina, lilikuwa jambo ambalo Salwa wa meza ya jirani alilijadili kila chai ya saa nne. Ati za mtandaoni hazina hadhi, ati ada ndogo elimu ndogo, ati mwajiri akiona jina la chuo anakunja uso. Ruthu alikunywa chai yake tu. Jengo zima, aliyeisoma shahada ile ni yeye peke yake. Alijua kwamba walimu ni wazuri na maswali yanaumiza kichwa kweli. Alijua pia ubaya wake, kwamba haiulizi ni nani aliyekaa mbele ya kioo. Na alijua kwamba akijiunga atalipia kufundishwa anachokijua, tena bila kuruhusiwa kutumia mawazo yake mwenyewe, maana mashine ya chuo inayokagua wizi wa maandishi ingesema amemwibia Cornel.

Hata hivyo alikuwa ameamua. Barua ya kukubaliwa chuoni ilikuwa kwenye droo yake, na mwisho wa kuithibitisha ulikuwa siku hiyo hiyo. Ombi lake la kibali cha mwajiri lilikuwa mezani kwa bosi wiki ya tatu sasa. Bila kibali, cheti hakiingii kwenye jalada la mtumishi, na cheti kisichoingia jaladani ni pambo la sebuleni.

Halafu kulikuwa na mama yake. Mama aliishi kijijini Mvumi, akiuza mlenda mkavu na karanga. Tasnifu ilihusu wanawake wenye biashara ndogo wilayani Chamwino, na katika zile Jumamosi sita alizozunguka kuwahoji, Ruthu alimhoji na mama yake mzazi. Mama aliamini kwamba anayesoma ni mwanawe. Ruthu hakusema ndiyo wala hakusema siyo. Alifungua daftari akauliza swali la kwanza. Jumapili iliyofuata mama alisimama kanisani wakati wa matangazo, akaomba waumini wamwombee binti yake anayesoma masta Dodoma, watu wakapiga makofi. Tangu siku hiyo Ruthu alikuwa akienda nyumbani kwa kuvizia, akiomba asikutane na mchungaji njiani. Aliona aibu hiyo ina dawa moja tu: apate kibali, ajiunge, uongo uwe kweli hata kama umechelewa.

Bosi aliingia saa tatu kasoro robo akiwa na tai mpya. Ruthu akamwamkia.

"Marahaba, Ruthu. Andika kubwa, macho yangu unayajua."

Watahini walikuwa wawili, na mazungumzo yalikwenda kwa Kiingereza. Aliyeongoza alikuwa mama wa makamo mwenye nywele fupi za mvi, mpole, na ilionekana wazi kwamba kazi ameisoma. Aliuliza kwa nini wahojiwa walikuwa thelathini na sio zaidi. Ruthu akaandika, Cornel akasoma. Akauliza juu ya riba za vikundi vya kukopeshana. Ruthu akaandika, Cornel akasoma, tena kwa kutua na kukuna kidevu kama mtu anayewaza. Kusoma alijua, hilo tusimnyime. Manila zilizokwisha kusomwa Ruthu alizilaza sakafuni taratibu zisipige kelele.

Ndipo yule mama akasema angependa warudi ukurasa wa sitini na moja. Katika kazi nzima, alisema, hapo ndipo alipoweka kalamu chini. Akamwomba Cornel asome kwa sauti maneno ya Mhojiwa Namba Kumi na Nne.

Cornel alipekua, maana tasnifu yake alikuwa hajawahi kuifungua. Akaupata ukurasa, akasoma kama anayesoma orodha ya vifaa:

"Mwaka ule wa ukame niliula mtaji wangu wote. Sikuula kwa njaa. Nilimlipia binti yangu ada ya mwaka wa mwisho, nikamwambia ametoa mjomba wake. Mjomba hakutoa kitu. Sasa nauza mlenda wa watu, jioni wananipa kidogo."

Ruthu alikuwa ameyasikia maneno hayo kwa mara ya kwanza akiwa na kalamu mkononi, mama yake ameketi mbele yake akipepeta karanga. Alitaka kuweka kalamu chini siku ile. Lakini ilikuwa kazi ya bosi, na ilikuwa nukuu nzuri, kwa hiyo akaandika.

Mtahini akauliza kama biashara ya mhojiwa huyo iliinuka tena. Ruthu akaandika: HAPANA. ANAUZA MZIGO WA WATU HADI LEO. Cornel akaitazama manila. Pengine aliona jibu la huzuni litampunguzia alama.

"Ndiyo, Profesa," akasema. "Sasa ana mashine yake ya kusaga karanga, na ameajiri vijana wawili."

Mtahini alitabasamu, akafurahi kweli. "Kwa hiyo kumsomesha yule binti kulikuwa na faida?"

Cornel alimtazama Ruthu, akingoja. Ruthu alikuwa na maka peni mkononi na manila magotini, bado nyeupe. Bosi akanyanyua nyusi mara mbili, kisha akageuka kwenye kamera.

"Faida kubwa sana," akasema. "Binti huyo leo ni msomi."

Aibu ilimpanda Ruthu mpaka masikio yakawaka. Hakuona aibu kwa ajili ya Cornel. Cornel alikuwa anamsingizia mwanamke asiyemjua. Aliyemleta mama yake mzazi katika chumba kile, akamvua nguo mbele ya wageni na kumpa namba, alikuwa ni yeye.

Saa tano walimtangazia amefaulu, marekebisho madogo tu. Watumishi wakajaa ofisini kumpa mkono, Salwa akisahau kabisa habari za hadhi. Watu walipopungua, Ruthu aliingia na ombi lake, akalisukuma mezani kwa mikono miwili.

Cornel hakukunja uso. Alimwambia akae. Alizungumza naye kama mzazi, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi baadaye alipolikumbuka.

"Ruthu, nikuambie ukweli kwa sababu nakuheshimu. Chuo hiki usipoteze muda wako. Mimi nimepita humo, nimekiona. Mtu anaweza kumaliza na kichwani hana kitu."

"Bosi, uliniahidi."

"Niliahidi, ndiyo. Lakini nikianza kuidhinisha vyeti vya mtandaoni, kule juu wataniuliza. Na wewe ukikaa kwenye vitabu, kazi za hapa nani atazifanya? Tafuta chuo cha kuingia darasani, nitakuunga mkono."

Ruthu alijua vyema kwamba chuo cha kuingia darasani kinataka likizo ya masomo, na likizo hiyo angemnyima yeye huyo huyo. Cornel akaangalia saa. Kulikuwa na chakula cha mchana cha kumpongeza mjini. "Andaa jibu la barua yako," akasema. "Lugha nzuri tu, kwamba haiwezekani. Niletee nisaini kabla sijatoka."

Ndivyo ilivyo katika ofisi ile: barua zote za bosi anaandika Ruthu, hata ya kumkatalia Ruthu. Alikaa mezani kwake akaanza kama ilivyo desturi. Tafadhali rejea barua yako yenye somo tajwa hapo juu. Aya ya pili: Ninasikitika kukujulisha kuwa ombi lako halikukubaliwa. Akasimama hapo. Utaratibu unataka aya ya tatu itoe sababu. Aliandika, akafuta, akaandika tena:

"3. Sababu ni kwamba shahada hiyo haithibitishi nani aliyeisoma. Mimi ninayesaini nimefaulu leo bila kuisoma. Masomo yote kumi na mawili pamoja na tasnifu umeniandikia wewe, na katika jambo hilo wewe na mimi tumekosa sawa.

4. Nakutakia utendaji mwema."

Akachapa nakala mbili. Cornel alikuwa ameshafika mlangoni, simu begani, akipokea pongezi za shemeji yake. Alishika kalamu, akaweka karatasi ukutani.

"Imekaa vizuri?" akauliza, mkono juu ya simu.

"Imekaa vizuri, bosi."

Akasaini zote mbili. Katika miaka miwili hakuwahi kusoma alichoandika Ruthu, na hakuona haja ya kuanza siku ile ya furaha.

Masijala iko chini, mwisho wa korido. Mama Dorothea, mtunza kumbukumbu aliyebakiza miezi minne astaafu, alipokea nakala, akavaa miwani, akasoma. Alifika mwisho akarudi juu. Ruthu alitazama makabati ya chuma.

"Hii ameisoma?"

"Ameisaini."

"Mwanangu, humu ndani anayesoma barua ni mimi peke yangu. Nikishaipa namba haitoki. Na wewe umo, umejitaja mwenyewe."

Ruthu alitamani kunyoosha mkono aichukue. Akafikiri juu ya mshahara, juu ya kodi ya chumba, juu ya kuitwa mbele ya kamati. Alikuwa anaogopa, na bado alikuwa anaona aibu, na aibu ilikuwa kubwa zaidi.

"Najua, mama. Naomba uipe namba."

Mama Dorothea akagonga mhuri wa tarehe, akaandika namba, akaitoboa na kuifunga kwenye jalada binafsi la Ruthu.

Nje kulikuwa na upepo wa vumbi. Ruthu alisimama nyuma ya jengo, kwenye kivuli cha matangi ya maji, akampigia mama yake. Mama alipokea upesi, akauliza kama mtihani umekwisha.

"Umekwisha, mama. Aliyefaulu ni bosi wangu. Mimi nilikuwa namwandikia. Sikuwa nasoma."

Kulisikika kuku, na mtu akiuliza bei ya kopo. Mama hakumjibu yule mteja.

"Na yale niliyokueleza? Ya mtaji?"

"Yako kwenye kitabu chake."

"Jina langu limo?"

"Halimo. Umeandikwa namba."

"Na lako?"

"Langu halimo popote."

Sauti ya mama ikawa ndogo, ya mtu asiyetaka majirani wasikie. "Watu wa kanisani wananiuliza kila wiki, Ruthu. Mimi nitawaambia nini?"

"Usiwaambie kitu. Jumapili nakuja, nitasema mwenyewe."

"Mbele ya watu?"

"Mbele ya watu."

Mama akavuta pumzi. "Basi uje mapema," akasema. "Matangazo siku hizi yanaanza kabla ya mahubiri."