Mtu wa Sponji

Dod Ainslie alikuwa na kisa kimoja tu cha kuchekesha, na kisa hicho kilikuwa kimemnywesha bia za bure kwa miaka arobaini. Kila alipoingia kwenye klabu ya raga ya Caddonhope hakukosa wa kumwagizia glasi ili akisimulie, hata wale waliokwisha kukisikia mara hamsini. Hao ndio waliokipenda zaidi.

Zamani Dod alikuwa fundi wa mashine za kufuma sweta kiwandani, na Jumamosi alisimama pembeni mwa uwanja na ndoo ya maji baridi na sponji. Udaktari wake ulikuwa cheti cha huduma ya kwanza, mafunzo ya alasiri moja. Mchezaji akianguka, Dod anakimbia, anamkamulia maji shingoni, anamwambia inuka. Hiyo ndiyo dawa yote iliyokuwapo, na leo wanaitaja kwa heshima utadhani ilifufua maiti.

Mwaka wao ulikuwa 1984. Uskoti iliwapiga wote mwaka ule, Waingereza na Wafaransa wakiwamo, na hapa mabondeni watu walitembea vifua mbele mpaka mavuno. Wachezaji hawakulipwa hata peni. Walitoka zamu ya asubuhi, wakala pai, wakaingia uwanjani. Sasa kiwanda ni duka la vitanda, timu ya Caddonhope inacheza daraja ambalo hata gazeti la wilaya haliliandiki, na wazee wanakaa chini ya picha za 1984 wakiwasema vijana wa leo kwamba wamedekezwa. Siku hizi mchezaji akigongwa kichwa anapumzishwa wiki tatu. "Wiki tatu," husema Gib Tait, mwenyekiti wa klabu, akitikisa kichwa chake ambacho hakikuwahi kugongwa na kitu chochote.

Kisa chenyewe ni hiki. Mechi ya mwisho wa msimu, zimebaki dakika kumi, wapinzani ni mji jirani. Eck Haldane, mbeba mpira mkubwa wa Caddonhope, anakanyagwa kichwa chini ya rundo la watu na kulala kama gunia. Dod anafika na ndoo. "Eck, uko wapi?" Eck anafumbua jicho moja. "Niko nyumbani. Mama anapika." Hapo Dod hunyamaza, hupiga funda moja la bia, halafu humalizia: "Basi watoe hao wageni nyumbani kwenu." Eck akainuka, akaubeba mpira na watu watatu wakimning'inia mgongoni, akaulaza nyuma ya mstari. Caddonhope wakawa mabingwa.

Siku mbili kabla ya chakula cha mchana cha kuadhimisha miaka arobaini ya ushindi ule, Dod alikwenda kumwona Eck kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Alimkuta kitini dirishani, ile mikono mikubwa imelala mapajani kana kwamba si yake. Netta, mke wa Eck, alikuwa akimkata kucha.

"Tunakwenda nyumbani saa ngapi?" Eck akamuuliza Dod.

"Baadaye kidogo, ndugu yangu."

"Mama anapika."

"Ndivyo anavyosema tangu asubuhi," Netta akasema bila kuinua uso. "Daktari alinionyesha picha ya ubongo wake. Akasema ni kule kugongwa. Si mara moja, mara nyingi. Na Jumamosi watakuita mbele usimulie."

"Shemeji, ukitaka nisisimulie, sisimulii."

"Nani amekukataza? Simulia. Ila simulia yote. Siku ile alirudi nyumbani akaniita kwa jina la dada yake mpaka Jumatatu. Mimi nilijua, na wewe ulijua. Wao hawajui. Wananipa jezi kwenye fremu, Dod, niipokee kwa niaba yake. Nataka wajue wanachokishangilia. Mara moja tu, mume wangu akiwa bado hai, mtu aseme."

Dod akaahidi. Alipomshika Eck mkono kumuaga, Eck alimshukuru kwa adabu, kama mtu anayemshukuru mgeni aliyemfungulia mlango, na jambo hilo lilimuuma Dod njia nzima. Alikuwa amempenda Eck kuliko ndugu zake wa kuzaliwa. Na Jumamosi ile ya 1984 alikuwa ameutaka ubingwa kuliko alivyompenda Eck. Habari yote ndiyo hiyo, na hakuwahi kuitamka.

Siku ya siku ukumbi ulijaa watu themanini, supu ya shayiri mezani, pai za kondoo zikizunguka. Netta alikaa meza ya mbele, fremu ya jezi imeegemea kiti cha pili. Mtu fulani alikuwa ameichimbua ile ndoo ya zamani stoo na kuiweka juu ya meza, na watu wakaanza kucheka kabla Dod hajafungua mdomo.

"Mganga wetu mkuu," Gib akatangaza. Dod akasimama, glasi mkononi.

"Leo nitasimulia kisa kizima," akasema.

"Afadhali, mzee, maana hata nusu yake hujawahi kuipatia," sauti ikatoka nyuma. Wakacheka.

"Eck alipoanguka, hakujua kitu kwa dakika mbili nzima. Kisha akatapika. Alinitapikia viatu."

"Vipya?" akauliza yule yule. Wakacheka tena.

Dod akangoja. "Mboni ya jicho moja ilikuwa kubwa kuliko ya pili. Nahodha akaniambia, Dod, mtoe huyu, hajui alipo. Nikamwambia nahodha afunge domo, mwenye ndoo ni mimi."

Wakapiga meza mpaka vijiko vikaruka. Dod akangoja.

"Nikamuuliza, uko wapi? Akasema yuko nyumbani, mama anapika. Mama yake tulikuwa tumemzika miaka miwili nyuma. Jeneza nililibeba mimi. Kwa hiyo nilijua. Nilijua kabisa, nikamrudisha uwanjani."

Sauti ilimtetemeka, na wao wakaona leo ameiva kweli kwa kuigiza. Mwanamume mmoja alikuwa akijifuta machozi ya kicheko kwa kitambaa cha meza. Dod akanyamaza, na katika kimya kile ukumbi mzima, watu themanini, wakainua glasi na kumalizia wenyewe:

"Watoe hao wageni nyumbani kwenu!"

Gib akamkumbatia. "Leo umejipita, bwana. Hiyo ya jeneza umeitoa wapi?"

Netta alikuwa amekwisha kusimama. Fremu aliiacha pale pale kwenye kiti. Dod akamfuata mpaka getini bila koti, manyunyu yakimwingia kwenye kola.

"Shemeji, nimesema. Umenisikia. Nimesema yote."

"Umesema."

"Sasa nifanyeje, kama hawataki kusikia?"

Netta alifunga vifungo vya koti lake, kimoja kimoja, mpaka cha shingoni.

"Walipocheka, ulingoja," akasema. "Kila mara. Ulingoja wamalize, ndipo ukaendelea. Na pale mwisho, Dod, ulipiga funda la bia."

Alitaka kukana. Alijipangusa mdomo kwa mgongo wa mkono ili aseme hapana, na mkono ukarudi na povu.

Netta akavuka barabara kwenda kituo cha basi, kwa kuwa saa tisa ndiyo saa ya kumlisha Eck. Ndani walikuwa wakimwita mganga arudi, wako waliofika wamechelewa na hawajamsikia. Dod alisimama mvuani mpaka baridi ikamshinda. Kisha akarudi ndani, maana koti lake lilikuwa huko, na alipofika kwenye kiti chake akakuta glasi imekwisha kujazwa.