Yoakimu Apata Mlango Wake

Kwa miaka saba Yoakimu Sulle aliendesha kombaini, mashine ya kuvunia, katika shamba la ngano la serikali, Hanang. Msimu mmoja akaanza kusikia sauti za watu asiowaona. Siku moja aliiacha kombaini ikinguruma katikati ya ngano, akakimbia hadi kijijini kwao, akavunja zizi la Mama Scolastica. Alidhani humo wamefungiwa watu. Ndama wakatawanyika porini.

Hospitalini alikaa miezi minne. Aliporudi, sauti zilikuwa zimenyamaza, lakini chumba chake katika kambi ya wafanyakazi wa shamba alishapewa dereva mwingine. Akawa analala kwenye banda la mbuzi la kaka yake, Patriki. Patriki hakuwa mtu mbaya. Nyumba yake ilijaa watoto, na mkewe aliogopa.

Kila mwezi Yoakimu alikwenda zahanati kuchomwa sindano. Siku moja Nesi Konsolata akaona nyasi na manyoya ya mbuzi kwenye koti lake.

"Kaka Yoakimu, unalala wapi?"

"Nipo kwa Patriki."

"Nimeuliza unalala wapi."

Akamwambia. Nesi akamkung'uta nyasi begani. "Dawa peke yake haitoshi. Ile nyumba ya mwalimu ipo tupu tangu mwaka juzi. Alhamisi kuna mkutano wa kijiji. Nitakwenda nawe, ila utaomba mwenyewe."

Mkutanoni Yoakimu alisimama. Mbele kabisa aliketi Mama Scolastica, ambaye Yoakimu alikuwa akimkwepa njiani tangu arudi kutoka hospitalini.

"Shikamooni wazee wangu. Nilikuwa mgonjwa, sasa natibiwa. Naomba nyumba ya mwalimu. Paa linavuja, nitaliezeka mwenyewe."

"Na akichanganyikiwa tena?" sauti ya mwanamume ikauliza kutoka nyuma.

"Ataanza kwa kukosa usingizi na kuongea peke yake," nesi akajibu. "Mkiona hivyo niiteni mapema, msingoje avunje kitu."

Mama Scolastica akainuka. Yoakimu akainamisha kichwa.

"Ndama wangu tuliwatafuta siku mbili. Na huyu hajaja kunipa pole hata mara moja."

"Pole sana, mama. Niliona aibu."

"Haya, nimeipokea. Nyumba hiyo inatazamana na yangu. Mpeni. Mlango usipofunguliwa asubuhi, mimi nitagonga."

Watu wakacheka, naye mwenyekiti akaandika kwamba nyumba amepewa Yoakimu.

Yoakimu alimaliza kuezeka kwa wiki mbili, Patriki akimrushia nyasi kutoka chini. Siku ya sindano ilipofika, Nesi Konsolata alikuja mwenyewe kwa baiskeli, akasimama nje.

"Hodi!"

Yoakimu alikuwa anasonga ugali. Akageuka kuona nani ataitikia, halafu akakumbuka kwamba ni yeye.

"Karibu!" alisema. Akarudia kwa nguvu, mpaka Mama Scolastica akachungulia kutoka kwake. "Karibu ndani, nesi, karibu!"

"Asante," nesi alisema akiingia. "Lakini angalia, ugali unaungua."