Soksi Moja Kijani, Moja Nyekundu

Usiku wa jana, nimelala na miwani usoni, niliota vitabu vyangu viwili vinagombana kwenye meza ya chakula.

Nieleze kwanza vitabu vyenyewe. Nilivipata kwenye marundo ya mitumba, siku tofauti. Cha bluu kimeandikwa na Harker, cha kijivu kimeandikwa na Nestor. Wote walikuwa askari, wa nchi mbili zilizopigania visiwa vya kusini kabisa mwa dunia, penye upepo na kondoo wengi kuliko watu. Harker anasema alimpiga risasi kijana mmoja kilimani, akamzika kwa mikono yake, na jina lake hakulijua. Anachokumbuka ni kwamba kijana yule alivaa soksi moja ya kijani na nyingine nyekundu. Nestor naye anasimulia habari za rafiki yake Evaristo, askari mwenzake. Mama wa Evaristo, Delfina, alimfumia soksi, uzi wa kijani ukamwishia, akafuma ya pili kwa mwekundu. Evaristo hakurudi, wala kaburi lake halijulikani.

Sijui kama yupo mtu mwingine aliyevisoma vyote viwili. Nilipogundua kwamba ni kijana yule yule, niliinuka kitini nimwambie mtu. Hapakuwa na mtu. Mume wangu alishafariki, wanangu wako Maskati, na simu za Maskati ni za kuulizana afya tu. Nikakaa tena. Nilijiona mpweke kuliko siku tuliyomzika mume wangu, maana siku ile angalau nyumba ilijaa watu.

Basi kwenye ndoto cha bluu kinasema, "Kilima kile tulikiteka."

"Mlikikuta kitupu," kinajibu cha kijivu. "Tulikuwa tumekwenda kutafuta chakula."

"Kelele nyote wawili," nasema. "Mna maiti mmoja, na hamjui."

Vinanigeukia. Kisha cha bluu kinaniuliza mimi ni wa upande gani.

"Mimi msomaji."

"Hana silaha," kinasema cha kijivu. "Apite."

Nafungua kabati la vyombo, na ndani yake mna kisiwa. Naingia na kanga zangu. Upepo unanivua ushungi mara moja, bila adabu. Mbele yangu amesimama kondoo, uso wa mtu aliyechelewa kupandishwa cheo.

"Hapa kanuni ni moja," ananiambia. "Kilichokumbukwa kipo. Kisichokumbukwa hakipo. Angalia unapokanyaga."

Hatanii. Kuna jiwe ambalo Harker analikumbuka, na ndoo iliyotoboka ambayo Nestor anaikumbuka. Kati ya hivyo viwili ni weupe mtupu, kama karatasi, na ukikanyaga unazama. Naruka kutoka kwenye jiwe hadi kwenye ndoo, umri huu. Hapo kisiwa kinageuka ua wa shule niliyosoma Pangani. Kengele inalia, kisha kisiwa kinarudi. Siulizi, na kondoo haelezi.

Juu ya kilima kuna rundo la mawe. Juu ya mawe zimekaa soksi mbili, zimelowa.

"Karibu, mama," inasema ya kijani. "Mwenyewe yuko chini. Hawezi kutoka."

"Kwa nini?"

"Hajaitwa. Askari hatoki kwenye mstari mpaka asikie jina lake. Harker huja hapa akilia, lakini hana jina la kuita. Nestor analo jina, ila huenda kuliita kwenye kilima kingine."

"Si mngewaambia?"

"Sisi ni soksi," inasema nyekundu.

Naona weupe unapanda kutoka chini ya kilima. Umeshaimeza ndoo. Namuuliza kondoo kuna nini.

"Harker na Nestor wamezeeka, wanasahau," anasema. "Mwaka jana tulikuwa na ghuba hapa. Wakimaliza kusahau, na huyu hajaitwa, basi tena. Na wewe, nakuona, unakaribia kuamka."

Nayainamia mawe. Kwetu maiti huitwa kwa jina la mama yake pale kaburini. Dini ya kijana huyu siijui vizuri, lakini sina namna nyingine, na upepo hauna subira.

"Evaristo wa Delfina!" naita.

Upepo unalichukua jina, unanirudishia mdomoni. Naita tena. Koo linaniwasha. Weupe umefika magotini mwa kondoo, naye anaendelea kutafuna. Soksi zimeshikana.

Basi natoa sauti niliyokuwa nikiwaitia wanangu kutoka barazani, zamani, walipokuwa bado wakiniitikia. "Evaristo wa Delfina! Njoo ndani, mwanangu, baridi!"

Jiwe moja linasogea. Nikaamka.

Chumba kilikuwa kimya kama kilivyo siku zote. Vitabu vilikuwa mezani, vimefungwa. Nililia kidogo kwa hasira, maana nilitaka kumwona uso. Kisha nikajiambia ndoto ni ndoto, nikabandika chai.

Chai haijachemka, nikasikia hodi. Alikuwa Mama Shemsa, jirani wa ukuta mmoja, ambaye kwa kawaida tunasalimiana kupitia dirishani tu. Amejitanda kanga, anacheka.

"Bi Salme, jana ulikuwa na mgeni?"

"Mgeni gani?" Sauti ilinitoka ikikwaruza.

"Makelele yale! Evaristo, Evaristo wa sijui nani. Nikamwambia Baba Shemsa, leo Bi Salme kapata mtu."

"Nilikuwa naota, mwanangu."

"Haya, wewe ulikuwa unaota." Akanitazama, kicheko kikampungua. "Na yule kijana aliyekuitikia 'Naam, mama', naye alikuwa anaota?"

Niliufungua mlango wote. Nikamwambia aingie akae, chai ipo, nina jambo la kumweleza na ni refu.